Firigisi ya Miaka Kumi na Tisa

Jumatano, 6 Agosti

Kliniki asubuhi. Daktari, anayeweza kuwa mjukuu wangu, akausikiliza moyo kwa muda mrefu kupita kawaida. Akasema umechoka. Nikamwambia si ajabu, tumetoka mbali pamoja. Hakucheka. Miezi michache, akasema, pengine mwaka. Nipange mambo yangu. Akapiga marufuku chumvi, mafuta, ngazi na hasira.

Mambo yangu yamepangwa. Shamba la Butere nimeligawa. Suti ya kuzikiwa iko kabatini, imepigwa pasi. Dhambi kubwa nilizitubu zamani, nyingine mara mbili kwa tahadhari. Imebaki moja tu, na nitaiandika hapa kwanza ili mkono uizoee.

Mimi si mkubwa wa Jacktone.

Basi! Imeandikwa, na dari haijaanguka.

Nieleze vizuri, kwa sababu sitaishi kuulizwa maswali. Tuko watatu. Mimi, Phineas, niliyekuwa karani wa makontena bandarini Kipevu. Jacktone, fundi wa kreni, kutoka Ugenya. Na Kyalo, dereva wa malori, Mkamba, mdogo wetu wa miaka sitini na sita, ambaye bado ana gari linalowaka. Tangu mwaka wa 2006 tunatoka kila Jumamosi kwenda kula. Leo Magongo, kesho Likoni, keshokutwa Kisauni. Tumekula kila kibanda chenye benchi.

Kuku wa kwanza alikuwa wa Magongo. Sinia ikawekwa mezani, firigisi juu kabisa, inang'aa. Kwetu Butere firigisi haikatwi wala haigawanywi. Ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote mezani, na mtoto akiigusa huchapwa. Kwao Jacktone ni vivyo hivyo. Mikono yetu miwili ilifika pamoja. Kyalo, ambaye kwao mambo haya hayamnyimi mtu usingizi, akauliza tu nani mkubwa. Jacktone akasema yeye ni wa mwaka wa arobaini na tano. Nikatoa kitambulisho. Kimeandikwa 1943.

Jacktone akaurudisha mkono wake taratibu. Akasema, "Shikamoo, kaka." Nikasema, "Marahaba." Nikala.

Kitambulisho ni cha uongo. Nilikuja Mombasa mwaka wa 1965, na mjomba akaniambia bandarini wanataka watu wazima, si watoto. Nikajiongezea miaka minne. Nilizaliwa tarehe 11 Machi 1947. Iko ndani ya Biblia ya baba, kwa wino. Uongo ule ulinistaafisha miaka minne kabla ya wakati, nikadhani mimi na Mungu tumemalizana. Lakini firigisi haikuwamo katika mapatano hayo.

Nitamwambia Jacktone kabla sijafa. Kwa utaratibu. Kwa akili.

Alhamisi, 7 Agosti

Wazo zuri. Nimwambie mchungaji, mchungaji amwambie Jacktone. Mambo ya namna hii yana wataalamu wake.

Alikuja saa nne kuniombea. Binti yangu Mercyline, ninayeishi naye hapa Chaani, akatuachia sebule na chai isiyo na sukari. Nikaungama. Mchungaji aliinamisha kichwa kwa heshima tangu mwanzo, akitarajia mwanamke. Nilipofika kwenye firigisi mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Hakuwa analia.

Nikamwomba apeleke ujumbe. Akakataa. Akasema jambo hili ni langu na ndugu yangu, uso kwa uso. Kisha akaniuliza, kwa udadisi tu, ladha yake ikoje hasa. Kwao Kilifi hawaijali.

Nikamweleza. Nikamaliza nusu saa. Alipoondoka niligundua kwamba sikuwa nimetubu, nilikuwa nimesifu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango wa pili. Twende mahali pasipo na kuku! Bila kuku hakuna firigisi, bila firigisi hakuna aibu, nami nitasema yangu kwa utulivu. Nikachagua Likoni, kwa mama mmoja anayekaanga samaki.

Kyalo akatupitisha Dongo Kundu kukwepa foleni ya feri. Jacktone alinifungulia mlango wa mbele kama kawaida, akanifunga mkanda, yeye akaingia nyuma na magoti yake mabovu. Ana miaka themanini. Alishaniamkia asubuhi, akaniamkia tena tulipofika, kwa sababu nilisinzia njiani na alitaka kujua kama bado nipo.

Samaki wakaja, na ugali. Mercyline alikuwa amemwagiza Kyalo achunge chumvi. Kyalo akachunga kwa kuniangalia kila nilipoigusa na kusema, "Mzee, hiyo ya tatu."

Nikakohoa. Nikasema, Jacktone, kuna jambo. Akasema hata yeye ana jambo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikopo kidogo cha plastiki. Mkewe alichinja jana. Wakasema kaka anaumwa, hawezi kupitisha Jumamosi nzima bila chake. Akafungua. Ilikuwa imefungwa kwa jani la mgomba, imechemshwa bila chumvi, makusudi, kwa ajili ya moyo wangu.

Macho yalinijaa machozi. Nikaila. Haikuwa na chumvi lakini ilikuwa laini sana.

Akaniuliza nilikuwa na jambo gani. Nikasema nimesahau.

Jumapili, 10 Agosti

Barua! Kwa nini sikuwaza mapema? Nimeandika kurasa mbili, mwandiko wangu wa ofisini, nikafunga bahasha, nikaandika juu: Ifunguliwe na Jacktone baada ya maziko yangu. Nikampa Mercyline aitunze.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu asimpe mwanawe bahasha iliyofungwa akiwa mgonjwa.

Saa sita Mercyline alikuwa amempigia ndugu yake Nairobi. Saa saba huyo wa Nairobi amempigia wa Butere. Saa nane simu yangu inaita bila kupumzika. Wa Nairobi akataka kujua kwa sauti tamu kama kuna kiwanja ambacho hawakuambiwa. Wa Butere hakuwa na sauti tamu. Akauliza moja kwa moja: huyo Jacktone ana mtoto gani ambaye ni wetu?

Nikawaambia wote barua inahusu firigisi ya kuku. Wa Nairobi akasema, "Sawa baba, pumzika," kama mtu anayezungumza na mlango.

Nimeichukua barua. Nimeichana. Jioni Mercyline alikaa kitandani kwangu akanishika mkono, akasema hata kama ninao watoto wengine hatanichukia. Nikamshukuru. Nifanyeje?

Jumanne, 12 Agosti

Nimefikiri upya. Tatizo ni kwamba ninaungama mikono mitupu. Kwanza nimrudishie Jacktone chake, kisha niseme. Mtu aliyeshiba husamehe haraka.

Nikampigia simu Mapenzi. Mapenzi ana banda lake la chakula Mishomoroni, Mgiriama, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita kivuko. Nikamwagiza kuku wawili wa kienyeji. Wawili! Kuku wawili, firigisi mbili. Moja yangu kwa mazoea, moja ya Jacktone kwa haki. Nikamwomba asiseme kitu, ni mshangao. Akasema, "Wasiwe na shaka wazee wangu, watashangaa."

Hatujawahi kutoka siku ya Jumanne. Jacktone alivaa koti.

Sinia mbili zikaja. Nikatazama ya kwanza: hakuna. Nikatazama ya pili: hakuna. Kisha Mapenzi akatokea jikoni na sahani ndogo ya udongo kaishika kwa mikono miwili, na ndani yake firigisi zote mbili, zimekaangwa kwa vitunguu, akaiweka mbele yangu peke yangu. Akapiga goti kidogo. Akasema amesikia habari za moyo, na kwa kuwa babu ndiye mkubwa na ndiye mgonjwa, ale ya ukubwa na ale ya ugonjwa.

Kyalo akapiga makofi. Meza ya jirani, madereva wa bodaboda, nao wakapiga makofi bila kujua sababu.

Nikaisukuma sahani kwa Jacktone. Nikasema achukue moja, kwa upendo. Akashtuka kama nimemtukana. Akasema, "Kaka, mimi? Mbele yako? Watu wataniona nimekosa malezi." Nikasisitiza. Akasema nikisisitiza tena ataondoka. Mapenzi akaniambia babu kula, usitutoe machozi.

Nikala zote mbili. Ya ugonjwa ilikuwa ngumu kidogo.

Jumatano, 13 Agosti

Usiku mbaya. Pumzi haikufika chini. Mercyline akamwita daktari kwa simu, naye akauliza nilikula nini jana. Mercyline akampigia Kyalo. Kyalo, ambaye aliendesha malori hadi Kampala miaka thelathini bila kuwaambia polisi ukweli hata mara moja, akasema ukweli wote.

Jacktone alikuja mchana. Alitembea kutoka kwake Magongo na fimbo. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaninywesha uji kwa kijiko, akinifuta kidevu. Kila kijiko na neno. Akasema nisiondoke sasa, tumekula Changamwe na Likoni na Kisauni yote, lakini Shanzu bado, tumekuwa tukiiahidi tangu 2011. Nikasema twende Jumamosi. Akasema kaka ukisema twende, tunakwenda.

Ameondoka. Nimeitoa Biblia ya baba kwenye sanduku. Wino bado unasomeka.

Jumamosi, 16 Agosti

Shanzu. Si hotelini. Nyuma ya mahoteli kuna mahali wanapokula wafanyakazi wa mahoteli wenyewe, wakiwa wamevaa sare, na anayejua kula huenda wanakokula wapishi. Kuku mmoja wa kupaka, wali, kachumbari. Mercyline aliniruhusu kwa masharti kumi na moja.

Sinia ikawekwa. Firigisi juu. Jacktone akaigeuza sinia, kama afanyavyo kila mara, ili firigisi iwe upande wangu.

Sikukohoa safari hii. Nilifungua Biblia mezani, kando ya kachumbari, nikaweka kidole kwenye mstari. Jacktone akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena akisogeza midomo.

Akauliza, "Huyu Phineas ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Arobaini na saba?"

Nikasema ndiyo, Machi.

"Mimi wa arobaini na tano."

Nikasema najua.

"Umejua tangu lini?"

Nikasema tangu Magongo, tangu kuku wa kwanza. Kyalo akaacha kutafuna, jambo ambalo sijaliona tangu nimfahamu.

Jacktone akavua miwani akaikunja. Nilitarajia firigisi. Nilikuwa nimeandaa majibu yote ya firigisi. Akasema, "Firigisi nakusamehe. Ile ni nyama. Lakini shikamoo zangu, Phineas? Miaka kumi na tisa ninamwamkia mtoto!"

Mtoto! Nina miaka sabini na minane. Nusura niseme.

Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo moyo uliponiuma kweli, si kwa ugonjwa. Akasema kaka zake wote wamekwisha. Wa mwisho alimzika mwaka wa 2004. Akasema, "Nilipokuwa sina mtu wa kumwamkia, nikakupata wewe. Kila asubuhi nikiamka nasema, kaka Phineas bado yupo mbele yangu, zamu yangu bado. Sasa unaniambia mbele hapana mtu. Wa mbele ni mimi."

Akainuka, akaenda kusimama karibu na gari. Sikuweza kumfuata, maana mlango una ngazi.

Firigisi ikabaki kwenye sinia. Tuliitazama mimi na Kyalo. Wali ukapoa. Mwishowe Kyalo akaichukua akaitia mdomoni, ili isipotee, akasema. Akatafuna muda mrefu. Akasema haina tofauti na mpira wa gurudumu, na kama angejua ni hii tu, angetupatanisha zamani kwa kununulia kila mtu paja.

Tukarudi. Jacktone alikaa nyuma. Kiti cha mbele nilikaa mimi, na sijawahi kukaa mahali pabaya kama pale.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Hakuna simu. Mercyline akauliza kama nimemwambia Jacktone kuhusu watoto. Nikasema nimemwambia. Akasema ndiyo maana.

Mchungaji akapiga simu kuuliza mambo yalikwendaje. Nikasema niliungama uso kwa uso kama alivyoshauri, na sasa nina rafiki mmoja badala ya wawili. Akasema tumwachie Mungu. Hawa vijana ni wepesi sana wa kumwachia.

Nimeogopa leo. Kufa siogopi sana. Nimeogopa kufa kabla hajanisemesha.

Jumatatu, 18 Agosti

Amekuja! Saa tano. Nikasikia fimbo mlangoni. Akaingia, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki. Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakuniamkia. Alikuwa anangoja.

Nikashika ukingo wa kitanda. Nikainuka. Ilichukua muda.

"Shikamoo, kaka."

Akatazama kalenda ukutani. Akasema, "Rudia."

"Shikamoo, kaka."

"Sikusikia vizuri."

Nikasema mara saba. Mara ya nane pumzi ikaniishia nikakaa ghafla, Mercyline akakimbia kutoka jikoni akidhani ndiyo mwisho, akatukuta Jacktone anacheka mpaka anafuta macho kwa leso. Akasema, "Marahaba, mdogo wangu. Zilizobaki utalipa kidogokidogo, kwa hiyo usife haraka."

Nami nikalia. Mercyline akalia pia, kwa sababu ya wale watoto.

Tukanywa chai. Jacktone akasema tangu Jumamosi hajalala. Kuwa wa mbele si kitu cha kuchezea. Mkewe ameanza kumwuliza anataka kuzikwa na koti lipi. Akasema angekuwa na njia, angerudi kuwa wa pili hata leo.

Nikamwuliza, kwa mazungumzo tu, anajuaje kwamba ni wa arobaini na tano. Akasema mama yake alimwambia alizaliwa askari walipokuwa wanarudi kutoka Burma. Vita viliisha arobaini na tano. Karani wa vitambulisho akaandika hivyo. Akanyanyuka, akanishika bega, akaenda zake. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, mimi, mdogo, kama inavyotakiwa.

Moyo mwepesi. Sina dhambi hata moja. Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeamka saa kumi alfajiri na macho makavu.

Askari hawakurudi siku moja.

Nimefundishwa historia, tena vizuri, na walimu waliotumia fimbo. Vita viliisha arobaini na tano, lakini meli hazikutosha. Wengine walirudi arobaini na sita. Mjomba wangu mwenyewe alifika Butere mwaka wa arobaini na saba, nami nilikuwa nimekwisha kuzaliwa, ndiye aliyenipa jina. Basi huyu askari wa mama yake Jacktone alikuwa askari yupi? Alirudi lini? Nani alimwona? Karani wa vitambulisho alikuwa Burma?

Mtu akizaliwa Aprili arobaini na saba, huyo ni mdogo wangu kwa mwezi mmoja. Kihalali. Bila uongo wowote.

Wala sifanyi hivi kwa ajili yangu. Mgonjwa wa moyo anataka firigisi ya nini? Nafanya kwa faida yake. Yeye mwenyewe amesema hapati usingizi. Rafiki gani humwacha mwenzake mbele kwenye foleni ile, ikiwa kuna karatasi ya kumrudisha nyuma?

Kanisa la kwao Ugenya lina daftari la ubatizo. Nimepata namba ya katekista. Nimempigia mara tatu, hapokei. Basi nitakwenda mwenyewe. Nimemwambia Kyalo nataka kuaga nyumbani kabla sijafunga macho, na kwa kuwa Ugenya haiko mbali na Butere tupite huko pia. Kyalo amekubali, ameanza kupima oili. Mercyline tutamwambia tukishapita Mariakani.

Jacktone naye anakuja. Amefurahi sana. Amesema kwa kuwa ni safari ya kuaga tutakula kuku kila kituo, na mdogo wake asiwe na wasiwasi, atanisaidia kupanda na kushuka. Nimehesabu: Voi, Mtito Andei, Emali, Nakuru, Kisumu. Firigisi tano.

Za kwenda zote ni zake, nimekwisha kumwambia, na amenishukuru. Za kurudi tutaona.